Maua Moja ya Muhugu

Mke wangu alitoka Murang'a, mimi ni Mkamba wa Kitui, kwa hiyo nyumbani kwetu Kabati tuliongea Kiswahili. Chake kilikuwa cha shule: "ua moja". Mimi nilisema "maua moja", kama majirani wote, maana "ua" masikioni mwetu ni kumtoa mtu roho. Alinicheka kwa hilo tangu tuoane.

Mtoto wetu wa pekee alipokufa kwa surua, miaka ya sabini, mke wangu hakulia. Alikaa mlangoni bila kula, na niliogopa kwamba naye anaondoka huku namtazama. Watu wa kanisa walipokwisha kwenda zao, alikuja kwenye karakana yangu ya uchongaji akasimama kando ya meza.

"Baba," akasema, "nichongee maua moja. Ya msalaba wake."

Lile neno lake la shule lilikuwa limemshinda kutamka. Nilitamani anicheke.

Jakaranda niliiweka kando. Ni laini, lakini mchwa wangeimaliza upesi. Nikachukua ubao wa muhugu, mti mgumu, nikaulowesha kwa mate nione nyuzi zinaelekea wapi. Petali inayolala na nyuzi hukubali patasi; inayozikatiza huvunjika ncha, na maua yana petali pande zote. Dawa yake ni kuyalaza ubavu, kama yamepigwa na upepo, petali zote zifuate nyuzi. Nikayalaza.

Nikiwa nachonga nilisikia mchakacho kwenye maranda chini ya meza, pale mtoto alipozoea kuchezea. Mimi si mtu wa mapepo, na wanaosimulia mapepo hunikera sana. Nikajiambia ni kuku. Lakini hatukuwa na kuku. Sikuthubutu kuinama nitazame. Nilisema tu, "Kaa hapo basi," nikaendelea kuchonga.

Nilimpelekea kabla sijapiga msasa, kwa kuogopa kuchelewa. Aliweka ubao mapajani akapitisha kidole juu ya petali, polepole. Hakufuata nyuzi. Alienda kinyume chake, akikandamiza, mpaka kibanzi kikamwingia na damu ikatoka. Nikamshika mkono ili nikitoe.

"Wacha ikae," akasema. "Hii angalau naisikia."