Bomboni nyekundu ya Ketia

Wapenzi, mutoto wangu leo amekosa nafasi ya shule kwa sababu ya adabu.

Mniombee, nimechoka.

Tulienda ile shule ya Kiingereza, Ketia afanye mtihani wa kuingia. Rangi zote amejifunza, anaziimba hata akioga.

Mlangoni mwalimu akaniambia: "Mama, kaa kule nyuma. Usimusaidie hata kwa macho."

Nikakaa. Nikatazama dirisha, namwomba Mungu kimoyomoyo.

Mwalimu akaweka sahani ya bomboni, zile pipi za rangi-rangi, mbele ya mutoto, akamwambia kwa Kiingereza achukue ile nyekundu. Hata mi nilielewa, kwa zile nyimbo za bafuni!

Ketia kimya. Mikono magotini.

Achukue ya kijani. Kimya.

Basi, tukaambiwa turudi mwaka kesho, mutoto bado hajui rangi.

Njiani nikamuuliza, "We Keti, nyekundu imekupotea namna gani?"

"Apana, mama, niliiona. Nilikuwa nangoja unitazame."

Jamani! Si mnajua kwetu, mutoto hagusi chakula cha watu mpaka mama amupe ruhusa kwa macho. Na mi ndiye nilimufundisha.

Tukarudi mbio. Mlinzi akasema mwalimu ameshatoka.

Kwenye kioski nikamununulia bomboni, nyekundu. Akaipokea kwa mikono miwili, akanitazama.

Nikamwambia: "Kula, mama. Kula tu."

Kesho narudi pale shuleni, Mungu akipenda. Nyinyi mngemwambia mwalimu nini? Mi nitaomba kitu kimoja tu: wanikalishe mbele, mutoto anione.