Baada ya Kidole Kupandishwa Cheo

Walimwita Kidole kwa sababu alichapa kwenye kompyuta kwa kidole kimoja, na bado aliwaacha wenzake wote nyuma. Jina hilo lilikufa siku alipokabidhiwa timu. Kesho yake tu akawa Bosi, na hata Kipara, aliyekaa naye meza moja miaka nenda rudi wakitaniana, akaanza kumbishia hodi.

Timu ilikuwa inaunda wakala wa akili mnemba kwa ajili ya kampuni kubwa ya kutengeneza majokofu: programu ya kusoma malalamiko, kumpangia fundi kazi na kumjibu mteja, yote yenyewe. Walijinyima mapumziko kuikamilisha. Siku moja kabla ya uzinduzi, Bosi akaketi kuijaribu. Akaandika kwamba jokofu lake linavuja.

"Pole sana. Limeshatengenezwa," wakala akajibu. Fundi hata alikuwa hajapangwa.

Bosi akaahirisha uzinduzi. Chumba kizima kikanywea.

"Tungerekebisha huku inatumika," Kipara alisema.

"Na mwenye jokofu bovu tumwambieje?"

"Zamani ungekuwa upande wetu."

Bosi alitaka kumwambia kwamba bado yuko. Badala yake akainuka.

Akaenda peke yake kwa mteja. Mkurugenzi alimfokea weee, kisha akataka kujua nani kazembea.

"Ni mimi," alijibu.

Aliporudi ofisini, viti vilikuwa vitupu. Wenzake walikuwa wamekwenda kula pamoja, wala hakuna aliyemwachia ujumbe. Alikuwa anatafuna mkate wake dirishani mama yake alipopiga simu.

"Mwanangu, hao vijana wako wanakupenda?"

"Sana, mama."

Wiki iliyofuata Kipara aliiondoa kasoro, wakala akaanza kazi vizuri, mteja akatuma pongezi. Timu ikaagiza keki na soda. Bosi alipoingia, vicheko vikakatika kama redio iliyozimwa. Akawashukuru mmoja mmoja, akaonja keki, akasingizia kwamba ana wageni. Nyumbani kwake hapakuwa na mtu. Hajamaliza kushuka ngazi za ofisi, huko juu vicheko vikaanza upya.

Kipara, akihema, alimkuta kwenye mlango wa nje.

"Umeacha mwavuli."

"Ahsante."

Wakasimama, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze.

"Mvua imekatika," Kipara akasema hatimaye.

"Eh, imekatika."

Kipara akapanda ngazi mbilimbili kurudi kwa wenzake. Yeye akatoka, mwavuli kwapani.