Ukurasa wa Marehemu

Jumanne saa nne asubuhi, mambo yalibadilika kwenye duka la kompyuta hapa Ifakara, nilipokuwa nikisubiri zamu yangu. Mjane mwenye gauni jeusi alikuwa akipanga bajeti ya tovuti ya kuuzia mchele wake wa kijiji cha Mbingu. Kwenye karatasi ya mpango, fundi akaukata kwa mstari ukurasa wa kumtaja marehemu mumewe.

"Mama, huu tuutoe. Marehemu hauzi mchele, na bajeti yako ni ndogo."

Mama akaweka kidole kwenye mstari ule. "Toa hizo picha zinazocheza ulizoziweka kwenye mpango. Wanunuzi wangu hutafuna punje kwanza, kisha huuliza mchele ni wa nani. Kwenye simu hawawezi kutafuna, mwanangu. Kitakachobaki ni jina la mume wangu."

Fundi akazikata picha zile, akauandika upya ukurasa wa marehemu.

Nami pia, niliyemzika mume wangu mwaka huu, nasema wazi: picha zicheze kwa wengine. Ee Bwana, hao ambao bado tunawataja, uwapumzishe kwako kwa amani.