Kitanda cha Majaribio

Kiwanda cha kamba kilipofungwa baada ya vita, mtaa wetu wa Temeke ulianza kupungua watu. Muuza vitumbua alihamia Kariakoo. Shangazi yangu, aliyesokota kamba pale tangu sijazaliwa, akasema naye atarudi Rufiji.

Mie nilikuwa na darasa nne na ndoto kibao. Nikamwambia shangazi kwamba mwenye kiwanda kaondoka, lakini makumbi ya nazi kayaacha yamefukiwa kwenye tope la mkondo wa bahari, yameshaiva, yamelainika tayari kwa kutwangwa. Tuyafukue, tusokote wenyewe barazani. Shangazi aliniuliza kama nina homa. Mwishowe akakubali: tukikosa mnunuzi kabla ya mfungo, anaondoka.

Jamani, siku ile majirani walipokuja kutwanga makumbi! Harufu ilifukuza hata paka, ila mtaa ulikuwa na kelele tena, na mie nilicheka peke yangu kama chizi.

Mwarabu mmoja muuza vitanda, mtu mnene, alisema atanunua kamba zetu kitanda kikimbeba yeye. Tukakiwamba kwa kamba zetu mbele ya duka lake, nusu ya mtaa ikitazama. Kwa haraka zetu tukasahau kuzilowesha kamba na kuzivuta kwanza. Mzee wa watu akakaa, akazama, akazidi kuzama, mpaka kanzu ikagusa mchanga. Kijana mmoja akauliza kama aende kuleta jembe wamfukue. Watu hoi kwa kicheko. Mie machozi yalishanilenga. Kichwani nilishamwona shangazi yuko njiani kwenda Rufiji.

Shangazi akamsogelea yule mzee, aliyezama mpaka magoti yakamfika masikioni.

“Mzee wangu, umesikia imekatika?”

Mzee akaipapasa kamba chini yake, taratibu. “Haijakatika.”

“Imelegea tu, kama bwana harusi mpya. Inuka tuikaze.”

Tukaikaza sie wote, miguu tumeikita kwenye mbao za kitanda. Alipokaa tena, aliagiza kahawa na akakataa kuinuka. Akasema tumletee kamba zote tutakazoweza.

Shangazi hakusema anabaki wala anaondoka. Asubuhi, maji yalipokupwa, nikamkuta mkondoni, tope magotini, anafukia makumbi mabichi. Hayo huchukua miezi mingi kabla ya kutwangwa.

Nikabaki nimesimama, nacheka na kulia.

“Unashangaa nini?” akasema. “Nisogezee yale mengine.”