Karata Mbili Kanisani

Mpaka leo naona aibu kupita mbele ya kanisa letu hapa Bwera.

Biira alipojifungua Masika, binti yetu wa kwanza, nilimwapia kwamba nimeacha kamari ya poka, nimebaki na riadha tu. Kila jioni nilivaa raba nikaaga kwamba najiandaa kwa mbio za Kasese. Nilikimbia kweli, lakini niliishia kwenye stoo ya kahawa, wenzangu wakinisubiri na karata.

Hata Jumapili ya ubatizo nilikimbia alfajiri, nikapitia stoo mara moja, na moja ikawa nyingi. Nilifika kanisani nikihema, nikaketi benchi la mbele kati ya Biira na mama mkwe, aliyevuka mpaka kutoka Butembo kwa ajili ya mjukuu. Usingizi ukanichukua.

Mama mkwe akanigusa bega. "Papa Masika, padri anakuuliza. Munaomba nini?"

"Karata mbili," nikajibu kwa sauti kubwa.

Padri akashusha kitabu. Biira akamhamishia mtoto kwenye bega la pili, mbali nami.

"Kumbe ni huko unakimbiaka," akasema.