Siku Mama Aliponizomea Endagikot

Kwa miaka kadhaa nilicheza mieleka katika kikundi kidogo cha Arusha. Hatukuwa watu wa runinga. Tulikuwa na lori la kukodi, jenereta, spika mbili, na ulingo tulioutengeneza wenyewe kwa mabomba ya chuma, mbao, magodoro yaliyochakaa na turubai la kufunikia. Tulizunguka kwenye minada na viwanja vya shule. Tulipiga muziki mpaka watu wakajaa, kisha tukapigana.

Katika mieleka lazima awepo wa kupendwa na wa kuchukiwa. Kwetu wa kupendwa alikuwa kijana mmoja mwembamba, mwepesi, ambaye akitabasamu hata askari humrudishia tabasamu. Nitamwita mwenzangu, maana ndivyo nilivyomwita tulipokuwa pamoja. Wa kuchukiwa nilikuwa mimi. Nina mwili mkubwa na sauti nzito. Nikimsalimia mtu, yeye hudhani nimekasirika. Niliingia ulingoni na koti refu jeusi, nikachukua kipaza sauti, nikaanza kuwadharau wenyeji: ng'ombe wao wamekonda, mahindi yao hayana punje, timu yao ya mpira haijui goli liko wapi. Watu walinizomea mpaka sauti zikawakauka. Kuzomewa ndiko kulikokuwa kipimo cha kazi yangu. Siku wakininyamazia, nilijua nimeharibu.

Tulipopanga kwenda Manyara, kwanza upande wa Hanang kisha tupande Mbulu, wenzangu walifurahi kwamba watakuwa na mwenyeji. Mimi ni mzaliwa wa Daudi, kijiji cha huko Mbulu. Lakini furaha yangu ilikuwa nusu. Mama hakuwa amewahi kuniona kazini. Kanisani akiulizwa habari zangu, alikuwa akijibu kwamba nafundisha mazoezi. Haukuwa uongo, kwa kuwa asubuhi nilikuwa nafundisha watu kunyanyua vyuma. Ila mieleka yenyewe hakuitaja, na mimi sikumlazimisha.

Tulianzia kwenye mnada mmoja wa ng'ombe kule tambarare za Hanang. Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi, na mlima nyuma yetu ulikuwa umefunikwa na wingu mpaka kiunoni. Wengi waliokuja walikuwa familia za wafugaji, wanaume wamejifunga mashuka na fimbo mkononi, wanawake wamevaa bangili za shaba zilizojaa mkono. Vijana walishaona mieleka kwenye simu, kwa hiyo walisogea mbele wakipiga miluzi. Wazee walisimama nyuma kimya, kama wanaokagua ng'ombe wa kununua.

Pambano lilianza vizuri. Mwenzangu aliruka kutoka kwenye kamba ya juu, watu wakapiga yowe. Kisha ikafika zamu yangu ya uovu. Nilimvizia kwa nyuma, nikamkaba shingo kwa mkono huku nikimficha mwamuzi asione. Mwenzangu alijua sana kuteseka. Alitoa macho, akapapasa hewani, miguu ikatetemeka. Hapo kelele za watu zilibadilika. Nilisikia mwanamke mmoja analia, na mara nikaona mzee amepanda ulingoni.

Alipanda taratibu, shuka lake begani, viatu vyake vya matairi vikigonga mbao. Akapitisha fimbo yake katikati yetu, bila kumpiga mtu. Mikono yangu ilifunguka yenyewe.

"Wewe ni mtoto wa nani?" akaniuliza.

Kipaza sauti kilikuwa kimening'inia karibu, kwa hiyo swali hilo lilisikika mnada mzima. Katika miaka yangu yote ya mieleka, sikuwahi kufundishwa cha kufanya mzee akiingia ulingoni kuamulia. Nikafanya nilichofundishwa nyumbani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huyu kijana amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu, mzee."

"Sasa unampigia nini?"

Mwamuzi wetu, ambaye ndiye aliyekuwa pia kiongozi wa kikundi, alisimama mdomo wazi. Vijana wa mbele walianza kulalamika. "Mzee shuka! Pambano bado halijaisha!"

Mzee akawageukia. "Limekwisha," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Mpe mkono."

Nikampa mwenzangu mkono. Kule nyuma wanawake walipiga vigelegele, na wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mkewe yule mzee akaleta maziwa kwenye kibuyu, akatuamuru tunywe wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kwenye kibuyu kilekile. Mwenzangu alikunywa kwanza, akakohoa kidogo, maana bado alikuwa anaigiza ameumia koo. Halafu uzalendo ukamshinda.

"Mzee," akasema kwa adabu, "tulikuwa tunacheza tu."

"Najua mchezo," akajibu. "Hata vijana wetu wanacheza fimbo. Lakini yule mama pale alikuwa analia kweli."

Mzee akajiandaa kushuka, akasita, akageuka tena, na sasa uso wake ulikuwa umelegea. "Ile ya kuruka kutoka juu," akamwambia mwenzangu. "Irudie. Ila usimrukie mtu."

Basi onyesho letu la Hanang liliisha hivyo: mimi nimekaa pembeni na kibuyu mapajani, mwenzangu anapanda kamba na kurukia godoro tupu, anapanda tena, anaruka tena, na yule mzee anacheka mpaka anajifuta machozi kwa ncha ya shuka. Yule mama aliyelia alikuwa anacheka pia. Nimeshazomewa sehemu nyingi na nimeshashangiliwa mara chache, lakini hakuna watu walionichukulia kwa uzito kama wale. Waliona mtu anaumizwa, wakaja kumwokoa. Mpaka leo nikiwakumbuka nasema asanteni.

Ndani ya lori, tukipanda kwenda Mbulu na baridi ikianza kuingia, nilimpigia Mama simu.

"Mama, keshokutwa tuko Endagikot. Lakini usisumbuke kuja. Kuna baridi."

"Baridi nimezaliwa nayo," akasema. "Huko mnapigana?"

"Ndiyo, Mama. Ni mchezo lakini."

"Unapigwa?"

"Kidogo."

"Na wewe unapiga?"

"Napiga zaidi."

Nilisikia kuku wakilia nyuma yake. "Haya," akasema, akakata simu.

Siku ya onyesho nilichungulia kupitia upenyo wa turubai tulilofanya chumba cha kubadilishia nguo. Uwanja ulikuwa umejaa watu wa Endagikot, wa mjini, na wengi wa Daudi ambao nilisoma nao au walionilisha utotoni. Mbele kabisa, karibu na kamba, alikuwa amekaa Mama. Alivaa kitenge cha kanisani na sweta, na alikuwa amekalia kigoda alichokuja nacho kutoka nyumbani. Kinamama wa jumuiya yake walikuwa wamempanga katikati, kama watu wanaomsindikiza mfiwa.

Nilimgeukia mwenzangu. "Leo tubadilishane. Mimi niwe mwema."

Akanicheka. "Kaka, wewe na huo uso? Twende kazini."

Nikavaa koti langu nikatoka. Nikachukua kipaza sauti, nikakohoa, nikaanza. "Watu wa Mbulu! Nimekuja kuwafundisha kusimama wima, maana nyinyi mmezoea kuinama shambani!"

Kimya. Mtu mmoja nyuma akajibu, "Si na wewe ulikuwa unainama hapo Daudi?" Watu wakacheka, mwingine akapaza sauti, "Karibu nyumbani!" Wachache wakapiga makofi.

Ilikuwa balaa. Mtu mbaya ukikaribishwa nyumbani, umekwisha. Nikazidisha matusi. Nikasema mbio za watu wa huku ni za kumkimbia mwalimu tu. Nikasema hata mbwa wao hubweka kwa woga. Watu walitabasamu, kisha wakatupia jicho pale mbele, wakatazama chini. Hapo ndipo nilipoelewa. Walikuwa wanamtazama Mama. Utamzomeaje mtu wakati mama yake mzazi amekaa mbele yako, na Jumapili mtakaa benchi moja?

Mwenzangu aliingia akashangiliwa, kengele ikalia, nikamwangusha kwa ujanja. Wakanung'unika kidogo. Nikamkanyaga mkono. Mtu akaguna. Mwamuzi akaninong'oneza, "Fanya kitu."

Kabla sijafanya kitu, Mama alisimama.

Alisimama taratibu, akamkabidhi jirani yake kigoda, akazungushia viganja mdomoni. Nilidhani anataka kuniita jina langu la utotoni, nikaomba ardhi ipasuke.

"Uuuuuu!" akazomea. "Mtoeni huyo! Hana adabu! Nani amemlea huyo?"

Kisha jirani yake akajipiga paja kwa kicheko, akaanza naye, "Uuuuuu!" Kinamama wote wa jumuiya wakasimama. Ni kama mtu amefungua geti la boma. Uwanja wote ulilipuka. Wanafunzi walizomea, wazee wenye makoti walizomea, mwalimu wangu wa darasa la nne alizomea akiwa amekunja ngumi. Kila nilipomgusa mwenzangu nilipata kelele ambazo hazikuwahi kunifikia popote. Nikawatolea ulimi, wakazidi. Mama ndiye aliyekuwa akiongoza. Nilipomkaba mwenzangu kwenye kamba, alimwonyesha mwamuzi kwa kidole: "Wewe! Huoni? Una macho ya nini?"

Mwenzangu alipoinuka, akanibeba na kunibwaga, Mama alipiga vigelegele. Nililala chali kwenye turubai nikitazama mawingu ya kwetu, mwamuzi akihesabu, na nikamsikia mama yangu akihesabu naye kwa sauti. Nilijikaza nisicheke, maana mtu mbaya akishindwa hachekelei. Machozi yalinitoka pembeni ya macho. Watazamaji waliyaona wakayashangilia pia.

Baada ya onyesho nilivua koti, nikamfuata pale alipokuwa akipongezwa na kinamama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umeumia?"

"Ubavu kidogo."

"Nitakukanda." Akanifuta vumbi usoni kwa ncha ya kitenge, mbele ya watu wote. "Niliona watu wamekaa kimya, wananiangalia mimi. Nikajua wananionea aibu."

"Ulijuaje kwamba natakiwa kuzomewa?"

"Baada ya kunipigia simu nilikwenda kwa jirani, binti yake ana simu kubwa. Nikamwambia nionyeshe hao watu wanaofanya kama mwanangu. Akanionyesha. Nikaona yule mbaya, akizomewa ndiyo anapata nguvu. Wasipomzomea anakuwa kama mtu aliyepotea njia." Akanitazama kama mtu anayeeleza jambo la wazi. "Ulitaka nikae tu, nikuharibie kazi?"

Nimesikia watu wengi wakisema mama zao waliwashangilia. Wangu alinizomea, na sijui kama nimewahi kupendwa kwa sauti kubwa namna ile.

Jioni kikundi kizima kilikula nyumbani kwetu Daudi. Mama aliwachinjia kuku wawili, na paja kubwa kuliko yote lilikwenda kwenye sahani ya mwenzangu. "Kula," akamwambia. "Umefanya kazi kubwa kumbeba huyu." Mimi nilipewa shingo. Wenzangu walipokwenda kukaa nje na chai, aliniita jikoni karibu na moto, akanikanda ubavu kwa samli ya moto huku akinipa maelekezo.

"Ukianguka, usiangukie upande mmoja tu. Leo uliangukia upande wa wanaume. Sisi tuliona mgongo."

"Sawa, Mama."

"Na yale maneno ya mbwa hayakuwa makali. Tafuta mengine."

Tulikaa Daudi mpaka Jumapili, tukaenda na Mama kanisani. Baada ya ibada watu walinisalimia kwa furaha, wengine wakinizomea kwa mzaha mlangoni kabisa mwa kanisa. Alipoulizwa, Mama alisema mwanawe ni mcheza mieleka, yule mbaya. Alilitamka neno hilo, mbaya, kwa kujivuna.

Bibi mmoja tu ndiye ambaye hakucheka. Nilimwamkia, akaitikia, lakini mkono wake aliutoa nusu. Alikuwa na kikapu kidogo chenye mayai yaliyopangwa kwenye majani makavu.

"Yule kijana yuko wapi?" akauliza.

"Ametangulia kwenye lori, bibi."

"Shingo yake inaendeleaje?"

Nilifikiria kumweleza kwamba ulikuwa mchezo tu. Nikamtazama, nikaona amekuja na kikapu kutoka mbali. "Inaendelea vizuri, bibi."

"Mpelekee haya. Ni ya kwake." Akanikabidhi kikapu, kisha akakishika tena kabla sijakichukua vizuri. "Wewe usiguse."

"Sitagusa, bibi. Asante."

Nilikipakata mpaka Arusha. Mwenzangu aliyala mayai yote kwa siku chache, na kila asubuhi akikaanga alinikaribisha, nami nilikataa.