Jirani Ambaye Sikumwambia

Hapa Garissa, mtu akitaka kuuza nyumba humwambia kwanza jirani wa ukuta mmoja. Ni haki yake kidini, na hata asiyeswali anajua. Mimi sikumwambia. Tulikuwa tumenuniana miaka miwili kwa sababu mbuzi wake walikula mche wangu wa ndimu, nikaona heri nimuuzie shetani.

Nikaandika INAUZWA kwenye geti kwa rangi nyekundu. Nilikuwa nimepata uhamisho wa Wajir, na huko niliona nyumba yenye kisima, nikaipenda. Wanunuzi walikuja mmoja mmoja. Waligonga kuta, wakasifu sebule, kisha wakauliza, "Jirani anasemaje?" Nikababaika. Hawakurudi. Nikalaumu ukame, nikalaumu madalali. Nyumba ya Wajir ikachukuliwa na mwingine.

Mwezi wa tisa tangu niandike tangazo, nikabisha hodi kwa jirani. Alinimiminia chai ya maziwa ya ngamia kana kwamba tuliagana jana.

"Wanunuzi wako wote walikuja kuniuliza," akasema. "Niliwaambia naitaka mwenyewe, nimpe binti yangu akae karibu nami. Nikakungoja uje."

"Bado unaitaka, ndugu yangu?"

Akatikisa kichwa. "Binti yangu alichoka kungoja. Mumewe amejenga Masalani, mbali huko. Wamehama na wajukuu wangu wote."

Akaangalia ua wake uliokuwa kimya, nami nikaangalia kikombe. Kutoka geti langu hadi lake ni hatua kumi na mbili tu.